Upepo 24, dharuba 46, mshale umegeuka: fundi paa wa Dodoma asomeje utabiri?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa kupaua hapa Dodoma, na nina ekari moja ya zabibu Mpunguzi. Kwenye simu nina programu mbili za hali ya hewa. Leo moja imeandika upepo kilomita 24 kwa saa, pembeni dharuba 46, upepo wa kusi-mashariki, lakini mshale wake unaelekea kaskazini-magharibi. Nyingine imeandika 13 tu. Asubuhi tulipoanza kupandisha mabati kulikuwa kimya, saa saba mchana tukashindwa hata kulishika bati. Nifuate namba ipi kwenye paa, na ipi shambani ninapopiga dawa? Na kipima upepo cha mkononi kina faida yoyote?

JIBU: Salama, fundi. Kabla hujaamua ni programu ipi inakudanganya, fungua ile yenye 13 uangalie kipimo chake. Programu kama Windguru na Windy mara nyingi hufunguka kwa noti, kipimo cha mabaharia na marubani kinachoandikwa kt, na noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Zidisha 13 kwa 1.852 upate 24. Kwa hiyo inawezekana kabisa programu zako zinasema jambo lilelile. Zipo pia zinazoandika mita kwa sekunde, m/s. Hizo zidisha kwa 3.6. Ingia kwenye mipangilio ya zote mbili, weka kilomita kwa saa, halafu ndipo uzilinganishe. Nusu ya ubishi wa utabiri wa upepo huishia hapo.

Sasa 24 na 46. Ile 24 ni wastani. Kanuni ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni kwamba upepo upimwe mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi, na namba inayotolewa iwe wastani wa dakika 10. Ndani ya dakika hizo upepo haukai sawa hata kidogo: unapoa, unakaza, unapiga, unapoa tena. Ile kukaza kwa sekunde 3 hivi ndiyo dharuba, na kwenye programu yako imo katika safu iliyoandikwa Gust au herufi G. Mara nyingi pia namba hizo mbili si za muda mmoja. Wastani ni wa saa ile iliyoandikwa, wakati dharuba ni ile kubwa kuliko zote inayotarajiwa katika kipindi kizima kilichotangulia, saa 1 au hata 3. Hivyo ukiona 46 usidhani utapigwa na 46 kila dakika. Maana yake ni kwamba katika kipindi hicho zitakuja chache za kiasi hicho, bila kukuambia ni dakika gani.

Kwa mtu aliye juu ya kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, hizo chache ndizo zenye maana. Nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi, inapanda kwa mraba wake: kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Chukua bati la mita 3 lenye upana wa karibu sentimita 80, likiwa limesimamishwa kuukabili upepo. Kwa wastani wa 24 linasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 6 au 7. Fundi mmoja analimudu huku anaongea. Dharuba ya 46 inapofika, bati lilelile linasukumwa kwa kilo 20 na zaidi, na inafika ndani ya sekunde moja au mbili, wakati mikono imeshazoea zile kilo 6. Hewa ya Dodoma ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar es Salaam, kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hiyo inapunguza msukumo kwa kama asilimia 10 hadi 15. Hesabu yangu imeshaliondoa hilo, kwa hiyo usilihesabu tena kama nafuu.

Basi jibu fupi ni hili: kwenye paa soma dharuba, shambani soma wastani. Jibu refu linahitaji saa ya ukutani, kwa sababu Dodoma upepo unafuata saa kuliko unavyofuata tarehe.

Usiku wa kiangazi ardhi hupoa haraka, kwa kuwa mbingu haina mawingu na hewa ni kavu. Hewa baridi inalala chini, na upepo unaovuma mita mia kadhaa juu hauwezi kupenya kuja kwenye mapaa. Ndiyo maana saa kumi na mbili na saa moja asubuhi moshi wa jikoni unaweza kutanda kwa majirani kama shuka. Jua likishapasha ardhi, kwenye saa tatu hadi saa nne, hewa ya chini inaanza kupanda na ya juu inashuka na kasi yake yote. Upepo haujafika kutoka popote. Ulikuwepo juu ya vichwa vyenu tangu alfajiri. Kutoka hapo unakaza hadi kilele, kwa kawaida kati ya saa saba na saa kumi alasiri, na hicho ndicho kipindi ambacho tofauti kati ya wastani na dharuba ni kubwa zaidi. Jioni hulegea, ingawa siku ambazo kusi imekaza kweli haulali hata usiku, hasa sehemu zilizo wazi au zilizoinuka.

Kwa hiyo usisome namba moja ya siku nzima. Ukurasa wa mbele wa programu nyingi unakuonyesha ama upepo wa sasa hivi ama ule mkubwa wa siku, na vyote viwili vinampotosha mtu anayepanga kazi ya muda wa saa sita. Fungua jedwali la kila saa. Tafuta safu ya dharuba, angalia ni saa ngapi inavuka kiwango ulichojiwekea, halafu toa saa moja. Hiyo ndiyo saa ya kuacha kupandisha mabati.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wanaojua Kiingereza vizuri. Baadhi ya kurasa hutumia saa ya dunia, UTC, ambayo Tanzania inaitangulia kwa saa 3. Ukiona 06 UTC, hiyo ni saa tatu asubuhi kwetu. 12 UTC ni saa tisa alasiri. Asiyelijua hilo ataona upepo wa kilele umeandikwa 12, ataupangia adhuhuri, na atashangaa kwamba saa tisa ndiyo imekuwa mbaya.

Mwaka nao una mwendo wake. Upepo wa Dodoma hutoka zaidi mashariki na kusi-mashariki, na kipindi kikali huanza karibu Juni na kuendelea hadi Novemba, Septemba na Oktoba vikiwa ndivyo vya kuogopwa na mafundi paa. Katika miezi hiyo dharuba ya 40 na kitu mchana si habari, ni siku ya kawaida. Usisubiri tangazo la kukuambia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa maonyo kwa ngazi tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na mengi ya upepo mkali yanayotaja kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 yanawahusu wavuvi na vyombo vya baharini na maziwani. Kutokuwepo kwa onyo kwa Dodoma hakumaanishi paa lako liko salama.

Mshale sasa. Upepo huitwa kwa jina la unakotoka, na ndivyo wazee wa pwani walivyofanya siku zote, kusi ukitoka kusini na kaskazi ukitoka kaskazini. Utabiri ulioandikwa SE au nyuzi 135 ni upepo unaotoka kusi-mashariki. Mshale wa programu, kwa upande wake, mara nyingi huchorwa kuonyesha hewa inakokwenda, yaani kaskazini-magharibi. Hakuna kosa. Ila zipo programu chache zinazochora kinyume, mshale ukielekea unakotoka, kwa hiyo amini herufi au nyuzi kuliko mchoro: 90 ni mashariki, 180 kusini, 270 magharibi, 360 kaskazini. Upepo ukiwa chini ya kilomita 7 au 8 kwa saa, usiujali mwelekeo ulioandikwa. Hewa dhaifu hiyo huzungushwa na ukuta wowote na mti wowote.

Mwelekeo una kazi mbili kwenye paa, na mafundi wengi wanaikumbuka moja tu. Ya kwanza ni mpangilio wa mabati: unaanza kulaza upande ulio mbali na upepo unaotawala, ukirudi kuelekea upepo unakotoka, ili kila bati jipya lifunike ukingo wa lililotangulia na mdomo wa mwingiliano ugeukie mbali na upepo. Kwa Dodoma hiyo ina maana ya kuanza magharibi kwenda mashariki, isipokuwa kiwanja kimezibwa upande mmoja kiasi cha kubadili mambo. Ya pili ni kujua siku hiyo upepo utaingilia wapi. Nyumba ambayo madirisha ya mashariki bado ni matundu na upande wa magharibi umeshazibwa inakusanya upepo ndani na kuusukuma juu, wakati huohuo upepo unaopita juu ya paa unalivuta. Misukumo miwili, mwelekeo mmoja. Paa lililopigiliwa nusu huondoka hivyo, na huanza kwenye pembe, kwenye ukingo wa chini na penye kofia, yaani bati la kileleni, ambako mvuto ni mkubwa kuliko katikati. Kwa hiyo usiache mabati yaliyoshikwa na msumari mmoja mmoja ukaenda kula. Kama saa sita imefika na dharuba inapanda, malizia kupigilia yaliyolazwa, sehemu hizo tatu kwanza, na yaliyobaki yashushwe chini, yalazwe na kuwekewa uzito.

Viwango? Ningemshauri fundi mwenye wasaidizi wawili hivi: dharuba chini ya 30, fanya kazi. Kati ya 30 na 40, usipandishe bati zima likiwa limesimama. Lipitishwe kwa ubavu, ukingo ukikabili upepo, na watu wawili juu. Ikivuka 40, hakuna kupandisha bati, na aliye kwenye kenchi tupu ashuke. Bati la mita 4 au 5 linataka viwango vya chini zaidi ya hivyo. Najua mwenye nyumba atalalamika. Kazi ya mabati ianze saa kumi na mbili na nusu, na kazi za chini, kukata papi, yaani mbao za kupigilia mabati, kuchana mbao, kuunda kenchi, zipangiwe mchana.

Shambani hesabu inageuka. Namba ya utabiri ni ya mita 10 juu, na wewe unapiga dawa kwenye kimo cha mtu. Katika eneo wazi lenye nyasi fupi, upepo wa mita 2 ni karibu robo tatu ya ule wa mita 10, na katikati ya mistari ya mizabibu yenye majani hupungua zaidi. Utabiri ukisema 12, tarajia 9 pembeni mwa shamba. Kwa bomba la mgongoni, kati ya kilomita 3 na 10 kwa saa penye nozo, mdomo wa bomba unaotoa dawa, ni pazuri. Ikikaribia 15, acha, dawa inakwenda kwa jirani na usoni kwako.

Kinachowashangaza wakulima ni kile kiwango cha chini. Kimya kabisa si saa nzuri ya kupiga dawa. Alfajiri ile hewa baridi iliyolala chini hunasa matone madogo, hayashuki na hayatawanyiki, yanaelea pamoja kama wingu na kusogea taratibu hadi penye nyumba au mifugo. Moshi ndio kipimo chako: ukitanda na kulala, ngoja, ukianza kupanda moja kwa moja na kupinda kidogo, anza. Kwa Mpunguzi wakati wa kiangazi nafasi hiyo kwa kawaida ni fupi, tuseme kutoka saa moja na nusu hadi saa tatu au tatu na nusu. Ukiwa na bomba la lita 16 na ekari nzima, huenda haitoshi asubuhi moja. Gawa shamba katika siku mbili kuliko kumalizia saa tano. Anzia ukingo ambao upepo unaelekea, ukirudi nyuma kuukabili kila mstari, ili usitembee ndani ya dawa uliyokwisha kuipiga. Kama ni salfa kwa ajili ya ubwiri unga, kuna sababu nyingine ya kukwepa mchana: joto kali likiikuta juu ya majani, inaweza kuyaunguza.

Msimu wa mvua ni somo jingine. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, upepo unaobomoa mapaa Dodoma hautoki kwenye jedwali la programu. Unatoka chini ya wingu la ngurumo. Mvua inaposhuka ndani ya hewa kavu hupoza hewa hiyo, ikawa nzito, ikaanguka na kutawanyika ardhini kila upande. Programu inaweza kuandika dharuba ya 25 siku nzima, na wingu moja likaleta 60 au zaidi kwa dakika 10 au 15, kisha kimya. Kompyuta zinazotoa utabiri haziwezi kusema wingu hilo litaangukia Kongwa, Bahi au Nzuguni, kwa hiyo siku hizo acha kuangalia namba ya upepo. Angalia kama utabiri umetaja ngurumo, na kama programu yako ina kipimo kiitwacho CAPE, kikizidi 1,000 mchana fahamu kwamba hewa ina nguvu ya kutosha kulea mawingu hayo. Mengine ni macho: ukuta wa vumbi unakuja, ubaridi wa ghafla, na zaidi ya yote upepo kugeuka. Siku nzima umetoka mashariki, mara unatoka kule lilikosimama wingu jeusi. Hapo una dakika chache tu, si za kupigilia bati moja zaidi.

Chamchela za kiangazi, zile nguzo za vumbi zinazozunguka mchana viwanjani, nazo hazimo kwenye utabiri wowote. Ni ndogo mno. Huzaliwa siku za jua kali, mara nyingi upepo ukiwa mdogo, na zinatosha kunyanyua bati lililolazwa bila uzito.

Ukishaweka vipimo sawa na bado programu zako zikatofautiana, sababu ni chanzo, yaani modeli, hesabu za kompyuta zinazotoa utabiri. Modeli ya Ulaya, ECMWF, hugawa dunia katika miraba ya karibu kilomita 9. Ile ya Marekani, GFS, kwa kawaida hutolewa kwa miraba ya robo digrii, karibu kilomita 28. Katika mraba wa kilomita 28 Dodoma mjini na Mpunguzi vinaweza kuwa kitu kimoja, na kilima cha Mlimwa hakipo kabisa. Kompyuta haijui kwamba upepo hukazana unapopita kati ya vilima viwili au unapopanda mgongo wa kilima, wala kwamba nyumba yako iko nyuma ya ghorofa. Mitaa iliyojengeka kama Area C wastani hushuka lakini dharuba hubaki, na penye kona za majengo marefu hata huzidi. Maeneo mapya ya pembezoni, yasiyo na miti wala kuta, hupata upepo wote kama ulivyo. Mimi ningeiweka mbele ECMWF kwa kiangazi cha Dodoma, na kuitumia nyingine kama shahidi: zikikubaliana, panga kazi, zikitofautiana kwa zaidi ya 10, panga kwa ile kubwa. Siku ya 1 na ya 2 zina uzito. Siku ya 5 tumia kwa kujua wiki ina mwelekeo gani, basi.

Njia ya bure ya kuukagua utabiri ni taarifa ya uwanja wa ndege, ambayo alama yake kwa Dodoma ni HTDO. Ukiona imeandikwa, kwa mfano, 121200Z 12014G26KT, soma hivi: tarehe 12, saa 12 UTC, yaani saa tisa alasiri, upepo unatoka nyuzi 120, wastani noti 14, ambazo ni kilomita 26, dharuba noti 26, ambazo ni kilomita 48. Herufi G huwekwa tu dharuba inapouzidi wastani kwa noti 10 au zaidi. Isipoonekana, usiseme hakuna dharuba. Huenda ipo ya noti 8 juu ya wastani, ambayo ni kilomita 15 zaidi, na bati lako linaijua.

Kuhusu kipima upepo cha mkononi: kwa dawa, ndiyo, kina faida, maana unapima palepale nozo ilipo. Kishike mbali na mwili, kikikabili upepo, kwa dakika 10 kama una subira, na angalia wastani na kile kikubwa, si namba inayorukaruka. Kwa paa faida yake ni ndogo ukisimama nacho chini, kwa sababu ukipima mita 2 juu ya ardhi nyuma ya ukuta unapata upepo wa ukuta. Panda nacho hadi usawa wa kofia, au funga utepe mwepesi kwenye ufito mrefu penye kenchi ya mwisho na utumie macho: vumbi na karatasi zikinyanyuka, wastani umefika 20 na kitu, miti midogo ikiyumba yote, umepita 30, matawi makubwa yakitikisika na nyaya kupiga mluzi, uko kwenye 40 au zaidi, na hicho ni wastani, dharuba yake iko juu zaidi. Kabla ya kununua chochote, andika kwa wiki mbili, saa tatu, saa saba na saa kumi, programu ilisema nini na utepe ulionyesha nini kwenye eneo la kazi. Ukikuta kwamba kwenye eneo lako dharuba huzidi utabiri kwa 10 kila mchana, ongeza 10 hiyo kwenye kila jedwali utakalolisoma hadi jengo hilo liishe, na ukihamia kiwanja kingine anza kuandika upya.